Kuhamishia std ya Rust kwenye mfumo mpya: folda kwa mfumo au kwa kazi?

Swali
Wakuu, tunahamishia maktaba sanifu ya Rust kwenye mfumo endeshi wetu mdogo wa RISC-V. Nimefungua folda yetu ndani ya `sys/pal` (sehemu ya msimbo unaotegemea mfumo endeshi) na kutia kila kitu humo: faili, nyuzi, saa, mtandao. Nusu nimenakili kutoka folda ya unix, na kila wakibadilisha kule, nakala yangu inabaki nyuma. Mwenzangu anataka tuweke `cfg(target_os)`, sharti la kukompaili msimbo kwa mfumo fulani tu, popote inapohitajika. Nyinyi mnapangaje?

Jibu
`cfg` kila mahali hapana, mkuu. Rust yenyewe ina kikaguzi, tidy, kinachozikataa zikitokea ovyo nje ya `sys`.

Jibu
Panga kwa kazi kwanza, mfumo ufuate. Tazama `sys/random`, folda ya namba nasibu. `mod.rs` ndiyo mlango, masharti yote yako hapo: makro ya `cfg_select!` (zamani `cfg_if!`) inachagua faili moja, basi. Ukifungua `linux.rs` unasoma habari za Linux tu: ita `getrandom`, na kama kerneli ni ya kabla ya 3.17 haina wito huo, soma `/dev/urandom`. Windows wanaita `ProcessPrng`. Njia hizi hazifanani hata kidogo. Kuzibananisha kwenye fanksheni moja ni kumwonea atakayekuja kuisoma usiku akisaka hitilafu.

Zamani folda ya wasm (WebAssembly) iliazima faili kwa folda jirani hivi: `#[path = "../unsupported/args.rs"]`. Ukiona mistari ya namna hiyo inaongezeka, ujue mpaka umechorwa pasipo pake.

Kwenu: elekezeni kila kazi kwenye unsupported, yaani faili za kushika nafasi zisizofanya kazi halisi, mpaka ikompaili, kisha mbadilishe moja moja. Kigawa kumbukumbu kwanza, halafu stdio mpate `println!`, ndipo saa na nyuzi. Mtu akifungua faili kabla hamjafika huko atapata kosa la `Unsupported`, na hiyo ni kauli ya kweli. Namba nasibu msizicheleweshe! HashMap, jedwali la heshi la Rust, huchota humo funguo za siri za kuheshi, na funguo zinazotabirika humpa mshambuliaji nafasi ya kugonganisha data makusudi.

Muuliza swali
Nimeelewa, asante sana. Libc yetu (maktaba ya C) ina pthread, yaani nyuzi za mtindo wa Unix, ila `fork`, wito wa kuzalisha mchakato mpya, hatuna. Tujitangaze `target_family = "unix"`?

Jibu
Hapana. Mtaburuta `std::os::unix` nzima, na maktaba za watu zitaamini `fork` ipo. Kwenye `mod.rs` ya nyuzi chagueni faili ya unix. Ya michakato iacheni unsupported.