Mahler 9 ukumbini: Walter 1938, Bernstein 1979 au Karajan 1982?

SeloYaTatu: Wakuu, Simfoni ya 9 ya mtunzi Mahler, rekodi zilizonaswa mbele ya hadhira tu; za studio tuziache. Nazipima tatu, kila moja na kondakta wake: Bruno Walter na okestra ya Vienna Philharmonic (16 Januari 1938), Bernstein na Berlin Philharmonic (Oktoba 1979), Karajan na Berlin hao hao (1982). Ipi inunuliwe kwanza?

PembeTano: Anza na saa. Adagio ya mwisho, yaani sehemu ya nne, ya polepole, Walter anaimaliza kwa dakika 18 na ushee. Bernstein anafika kama 26, Karajan anampita kidogo. Noti ni zile zile! Simfoni nzima kwa Walter ni kama dakika 70, CD moja inatosha. Hao wengine wanavuka 80, ni CD mbili. Na kasi ya Walter usiiite papara: ndiye aliyeiongoza mara ya kwanza kabisa, Vienna, Juni 1912, Mahler akiwa ameshafariki.

Mkwaruzo78: Walter nampenda, ila angalia unanunua usafishaji upi. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, kila upande dakika nne hivi, kwa hiyo kuna viungo vingi vya kuunganisha. Kipimo changu ni dakika ya kwanza: selo na pembe wanapokezana noti moja, kinubi kinadondosha noti zake, viola zinanong'ona chini. Ukisikia mkwaruzo lakini kinubi kina ncha, chukua. Mkwaruzo ukiwa umefutwa wote na kinubi kikalia kama kimefunikwa blanketi, fundi amechuja kupita kiasi. Amekata na sauti za juu za fidla.

BaaYa118: Bernstein ana moto kuliko wote, na ana shimo. Kwenye kilele cha Adagio, baa (kipande cha mapigo kwenye noti) ya 118, tromboni hazikuingia. Nyuzi zinapanda kwa nguvu zote na chini yake hakuna sakafu. Asiyeijua partitura (kitabu cha noti za vyombo vyote) anaweza asigundue, anasikia tu kuna kitu chembamba. Pia kondakta anasikika akiguna na kukanyaga jukwaa. Ndiyo mara pekee aliyoongoza okestra ile, na rekodi ilitoka 1992, yeye akiwa ameshakufa.

SeloYaTatu: Basi Karajan ndiye salama?

PembeTano: Salama, ndiyo, na hapo ndipo ninapogombana naye. Rondo-Burleske yake, sehemu ya tatu, sijasikia mfano: sauti nne zinakimbizana na kila moja unaifuata kwa kidole. Halafu tarumbeta inapotulia katikati na kuimba ule mzunguko wa noti utakaorudi kwenye Adagio, ngozi inasisimka. Lakini sehemu ya pili ni ngoma ya wakulima, na Mahler mwenyewe kaandika ichezwe kwa uzito na ushamba wa kijijini. Karajan kaivalisha viatu vya ngozi. Wavienna wa 1938 wanaikanyaga inavyotakiwa.

Mkwaruzo78: Hapo umemaliza 😄

NyuziTupu: Jambo la vitendo. Ukurasa wa mwisho ni baa 27 za nyuzi peke yake, besi zimeshanyamaza, sauti inafifia mpaka viola zinabaki na mwendo wa mwisho. Kwenye simu, zima kile kipengele cha kusawazisha sauti, maana kinaweza kuupandisha ukurasa huo ukasikika kama mazungumzo ya kawaida. Usipange sauti kwa kuufuata ukurasa huo pia. Ipange kwenye kilele cha sehemu ya kwanza, tromboni zinapopiga ule mdundo wa mwanzo kwa nguvu zote, kisha usiguse tena. Kwenye gari usijaribu, injini itakula yote. Na kama unakubali video, tazama kondakta Abbado akiwa Lucerne, Uswisi, 2010: taa zinafifishwa na ukimya baada ya noti ya mwisho unapita dakika mbili.

SeloYaTatu: Nachukua Karajan kwa hedifoni, Walter akifuata. Bernstein nitamsikiliza nikiwa na partitura mkononi, kwa ajili ya hiyo 118.

BaaYa118: Anza kusikiliza kuanzia baa ya 107, ndipo pengo litakuuma.