Hadithi moja, tableti sita, na kazi zinafutana

Mwalimu_Gredi5 (Lamu): Assalaam aleikum walimu. Wanafunzi 42, tableti 6, intaneti ya kubahatisha. Nataka darasa zima litunge hadithi moja ya picha na sauti kuhusu uundaji wa jahazi katika kijiji chetu cha Matondoni. Vikundi vyote vikitumia faili moja, kazi ya huyu inafuta ya yule. Nianzie wapi?

Bi_Mkomani: Waleikum salaam mwalimu. Anzia kwenye karatasi, tableti zikae kabatini kwanza. Mkubaliane nani anasimulia, wahusika ni akina nani, na hadithi inaishia wapi. Mkiruka hapo, fundi mmoja atakuwa na majina matatu na jahazi litaanza na mlingoti mmoja limalize na miwili. Kisha kila kikundi kipewe sehemu yake: kuchagua mbao, kulaza mkuku (uti wa chini wa chombo), kusimamisha mataruma (mbavu zake), kupigilia mbao, kukalafati (kuziba nafasi kati ya mbao), kushua (kuliteremsha majini). Watoto saba: wawili waandike, wawili wapige picha au kuchora, wawili wasimulie, mmoja ahariri. Maneno yasizidi 50 kwa sehemu. Kwa usomaji wa mtoto ni kama nusu dakika, jumla dakika tatu. Inatosha!

Kebo_na_Chaji: Zinafutana kwa sababu bila intaneti kila tableti inabaki na nakala yake. Ukizikusanya kwa jina lile lile, ya mwisho inaifunika iliyotangulia. Basi tableti moja, sehemu moja, na namba itangulie jina: 3_mataruma_picha1, 3_mataruma_sauti. Zihamishie kwenye laptopu moja kwa kebo au bluetooth. Mkilazimika kutumia WhatsApp, tumeni kama hati, maana picha ikitumwa kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Mkipiga picha, tableti ishikwe kwa ulalo kila wakati, la sivyo picha zitatoka na mistari myeusi pembeni.

Sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Fungeni madirisha ya upande wa upepo, zimeni feni, wekeni tableti kwenye hali ya ndege (airplane mode) isiite wala kulia. Tableti iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili "p" na "b" zisipige kishindo. Rekodini aya kwa aya. Mtoto akikosea anarudia aya hiyo tu. (Punda hana hali ya ndege, chagueni chumba cha ndani.)

Mwalimu_Gredi5 (Lamu): Ahsanteni. Na nikitaka kuiweka kwenye kundi la wazazi?

Bi_Mkomani: Kama nyuso au sauti za watoto zimo, pata idhini ya mzazi kwa maandishi kabla ya kurekodi, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi. Mzazi akikataa, mtoto wake achore au ahariri.