"Table": ni kuileta hoja au kuiweka kando?

KaraniWaDom:
Jamani, nisaidieni kabla sijagombana na mtu. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao kwenye mradi mmoja hapa Dodoma. Bosi ni Mmarekani. Wiki jana kaniandikia kuhusu pendekezo la posho za madereva: "For Thursday, let's table it." Nikajua kazi ndiyo hiyo. Nikatoa nakala 12, nikazibana pini, nikampigia msemaji wa madereva aje ajieleze mwenyewe. Alhamisi nagawa makaratasi, bosi ananikodolea macho. "I said table it!" Namjibu, si ndiyo nimei-table? Na msemaji wa watu yuko mlangoni, kavaa mpaka tai. Kosa la nani hapa?

MkalimaniMstaafu:
Dada, hakuna mwenye kosa. Kwa Mwingereza, "to table" ni kuleta jambo lijadiliwe, na sisi tumerithi hiyo. Fungua Hansard ya Bunge letu, utakuta "Hati zilizowasilishwa mezani". Mmarekani ni kinyume kabisa: akiilaza hoja mezani, ameacha kuijadili. Kwenye Bunge lao, hoja iki-"tabled" kwa kura, kwa kawaida ndiyo imezikwa.

Wakubwa pia yaliwakuta. Churchill, kwenye kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili, anasimulia maofisa wa Kiingereza walivyotaka waraka wao ujadiliwe haraka, wakawaambia wenzao Wamarekani wanataka "to table it". Wamarekani wakagoma, maana nao waliuona ni wa haraka! Walivutana muda mrefu, hadi kwa maneno makali, kumbe wote wanataka kitu kilekile.

Nakuru_Boy:
Huku Kenya gazeti likisema mswada umekuwa "tabled", ujue umefika bungeni. Kwa hivyo hata mimi ningechapisha hizo nakala.

KiporoFC:
Bosi alitaka kiporo, wewe ukapakua 😂 Mbona Kiswahili hakina shida hiyo? Mechi ikiahirishwa tunasema kiporo, na kila mtu anaelewa kuna siku itapashwa.

MkalimaniMstaafu:
Hapo umenena. Ila angalia, kiporo huliwa. Cha Wamarekani mara nyingi hakirudi jikoni. Dada, kwenye muhtasari likwepe kabisa hilo neno. Andika "postponed" au "presented", atakayesoma hata kama yuko London au Chicago hatapotea.

KaraniWaDom:
Asanteni. Nimeandika "postponed to next meeting", bosi kasaini bila neno. Ila nilimuuliza kwa upole huo mkutano ni lini, akasema tutaona. Msemaji wa madereva naye kanipigia asubuhi: ile tai ni ya kuazima, mwenyewe anaitaka, airudishe au asubiri?