Mvua ya Novemba Moshi: nipande mahindi au nisubiri mwezi wa tatu?

MgeniWaPasua
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Moshi kutoka Mbinga. Nimekodi ekari moja na nusu njia ya kwenda TPC, kule kwenye kiwanda cha sukari na mashamba ya miwa. Haina mfereji, ni kutegemea mvua tu. Juzi usiku imepiga mvua ya maana, na mbegu ya mahindi ninayo ndani. Mwenye shamba kanikataza: hii vuli, usiiamini, subiri mwezi wa tatu.

Kwetu mvua ya Novemba ikishalowesha ardhi hakuna anayesubiri. Ni maji mpaka Aprili, na aliyechelewa kupanda anajulikana kijiji kizima. Nchi ni hii hii, mwezi ni huu huu, kwa nini kule iwe mwanzo wa msimu na hapa iwe mvua ya kupita? Naomba maelezo, siyo "ndivyo ilivyo". Nawasilisha.

KijanaWaKiboriloni
Karibu mwalimu. Mzee yuko sahihi. Panda maharage, mahindi weka darini.

SukaniArusha
Mwalimu, mimi ni dereva wa fuso. Mahindi ya kwenu ndiyo ninayoyaleta soko la Kilombero hapa Arusha, kwa hiyo jambo hili naliona barabarani. Januari natoka Arusha vumbi tupu, kaskazi inavuma, jua linachoma. Nikipita Kondoa nakuta mtama wa watu umesimama. Nikifika Makambako turubai halitoki juu ya mzigo, na kutoka Njombe hadi Songea ni utelezi mtupu. Siku mbili za safari, nchi mbili tofauti.

Sababu yake ni hii. Kuna ukanda wa mvua karibu na ikweta, pale upepo wa kaskazini na wa kusini unapokutana. Pepo hizo zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, maji yanaanguka. Ukanda huo unalifuata jua, ila kwa kuchelewa wiki kadhaa. Jua likishuka kusini, ukanda unapita huku kwetu Oktoba mpaka Desemba ukiwa safarini. Hiyo ndiyo vuli. Januari na Februari umeshuka kwenu, Malawi, Zambia na Msumbiji, sisi tunabaki na joto. Machi unaanza kurudi, tunapata masika hadi Mei. Ninyi Ruvuma mko karibu na mahali unapogeukia, kwa hiyo ya kwenda na ya kurudi zimeungana, hamna pengo katikati. Sisi, pwani ya kaskazini na Kanda ya Ziwa Victoria tuna mvua mara mbili. Dodoma, Singida, Tabora na nyanda za juu kusini mnapata mara moja.

Ila kupata mara moja hakuna maana ya kulingana. Dodoma yote kwa mwaka ni milimita kama 570, Tukuyu inavuka 2,000. Ndiyo maana Wagogo wanang'ang'ania uwele na mtama, na mtu wa Rungwe analima migomba na chai.

Sasa piga hesabu. Ukipanda mahindi leo, yatatoa mbelewele Januari, wakati ukanda uko juu ya paa la mama yako Mbinga.

MamaKihamba
Sukani umesema vizuri, lakini umesahau mlima. Mwalimu, hapa usiulize mkoa, uliza uko usawa gani. Mimi niko Kibosho juu. Kusi ikitoka baharini inagonga mlima upande wetu, inalazimika kupanda, inatumwagia. Ukipanda hadi msituni, mvua ya mwaka inapita milimita 2,000. Moshi mjini haifiki nusu ya hiyo, na huko chini kwenye miwa ni pungufu zaidi, ndiyo maana wanamwagilia. Same ndiyo kabisa, milima ya Pare imewakinga. Julai mimi navaa sweta kutwa na mlima hatuuoni kwa mawingu, mwanangu aliyeko Mtwara ananiuliza sweta la nini!

Na wewe Kiboriloni, maharage unamshauri nani? Joto la kule TPC mwezi wa kumi na mbili litapukutisha maua yote. Mwalimu, panda choroko au kunde. Choroko unavuna kwa miezi miwili na ushee, kaskazi ikizidi umeshatoa shambani.

KijanaWaKiboriloni
Mama, 2023 waliopanda mahindi vuli si walivuna?

SukaniArusha
2023 ilikuwa El Niño, na Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida. Mvua iliyotoa mahindi ndiyo hiyo hiyo iliyoshusha tope Katesh mwezi Desemba, watu wakafa. Kumbuka na 2021: vuli haikuja, ng'ombe wakafa Simanjiro mpaka tukawa tunapita mizoga kando ya barabara. Vuli inayumba kuliko masika, mwaka huu inafurika, mwaka mwingine haionekani.

MgeniWaPasua
Shikamoo mama. Sukani, asante sana, sasa nimeelewa hata kwa nini redio inasoma utabiri vipande vipande. Nilikuwa nasikiliza kipande cha Ruvuma kwa mazoea. Mbegu ya choroko naipata wapi?

MamaKihamba
Marahaba. Nenda soko la Mbuyuni asubuhi, ila chagua isiyotobolewa na wadudu. Mahindi yako yahifadhi pakavu, na utabiri wa masika Mamlaka ya Hali ya Hewa wanautoa kabla ya Machi. Sikiliza wanaposema Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Kisha mwezi wa tatu usilale, huko chini masika yenyewe ni fupi kuliko ya kwetu.