Uwanja Mpya Ili Timu Isihame? Gumzo la Majirani wa Cheyo, Tabora

Mjumbe: Majirani, habari za jioni. Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa nne asubuhi. Ajenda kubwa ni vipaumbele vyetu vya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Vijana wa kijiweni wameniletea pendekezo la maandishi: manispaa ijenge uwanja mpya wa mpira, ili timu ya Ligi Kuu iliyopo hapa, TRA United, isije ikatuhama. Naomba tulizungumze humu kwanza.

Doto: Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa walioandika. Rhino Rangers wa hapa Tabora walipanda Ligi Kuu 2013, wakacheza msimu mmoja, wakashuka. Kuanzia hapo mpaka 2023 Tabora tulikuwa watu wa kibanda umiza tu, mpira tunaulipia kuutazama kwenye TV. Leo Simba na Yanga wanakuja hapahapa mjini. Novemba 2024 timu yetu, Nyuki wa Tabora, iliifunga Yanga 3-1 kulekule Chamazi. Nawaambia, siku ile kijiweni watu wazima walikumbatiana hawajuani. Mimi sitaki kurudi kule tulikotoka.

Mama Kulwa: Marahaba mwanangu. Na mimi naunga mkono. Wakija Simba au Yanga, wali wangu unaisha kabla ya saa nane mchana. Watu wanatoka Nzega, Urambo, Sikonge, wengine wanalala, gesti zinajaa. Bodaboda nao wanapata.

Nesi Tatu: Mama Kulwa, biashara yako naijua na naiombea. Ila tukumbuke hela ya manispaa sio bahari. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, hiyo haiguswi. Kinachobaki ndicho kinachogombewa na zahanati, madarasa, barabara za mitaa. Mtaro wa huku nyuma kwetu kila masika unamwaga maji kwenye nyumba za watu, na maji yakishaingia chooni najua mimi nitakaowapokea wiki inayofuata.

Fundi Hamisi: Na tusitamke "uwanja mpya" kama tunatamka banda la kuku. Ule wa Arusha wa AFCON 2027, wa watu 30,000, ni zaidi ya shilingi bilioni 280, na ni hela ya Serikali Kuu. Manispaa haiwezi hata kuuota.

Doto: Fundi, hatujaomba wa Arusha. Tunaomba wa kiasi chetu. Mnajua TFF, shirikisho letu la mpira, na Bodi ya Ligi wanafungia viwanja vikikosa sifa. Uwanja ukifungiwa, timu inakwenda kucheza mkoa mwingine, na ikizoea kule? Fountain Gate si walikuwa Singida? Wakaenda Mwanza, wakaenda Babati. Ihefu walikuwa Mbarali, 2024 wakahamia Singida, leo ni Singida Black Stars. Watu wa Mbarali wamebaki na jezi.

Mzee Maganga: Mjukuu wangu Doto, umesema jambo la kweli, sasa lifuate mpaka mwisho wake. Hiyo timu yetu yenyewe ilitoka wapi? Ilikuwa Kitayosce ya Moshi. Watu wa Moshi nao walikuwa na vijana kama ninyi. Ilipopanda 2023 ikachukua jina la Tabora, tukashangilia. 2025 ikanunuliwa, ikaitwa TRA United. Sina ugomvi na wenye timu, ni mali yao, na bado inacheza hapa. Lakini jina la mji limeshatoka kifuani. Sasa tunaambiwa tujenge ili tuishike. Tuishike kwa kamba gani?

Doto: Kamba ndiyo huo uwanja, babu.

Mzee Maganga: Uwanja haufungi mtu mguu.

Mwl. Salome: Samahanini, nilikuwa nasahihisha madaftari. Naomba mnivumilie niandike ndefu, maana hili ninalifundisha darasani kwenye somo la uchumi na linanigusa.

Wenzetu wa Marekani wamelipitia miaka mingi, kwenye mpira wao ule wa kofia ngumu. Kule ligi haina kushuka daraja na idadi ya timu ni ndogo kuliko miji inayozitaka. Kwa hiyo mwenye timu akisema tu "mji fulani umeniita", meya analala vibaya. Hapo ndipo hela ya umma inapotoka.

Mji wa St. Louis, kaunti yake na jimbo walikopa wakajenga uwanja wenye paa. Timu ya Rams ikahamia pale 1995 kutoka Los Angeles. Kwenye mkataba kuliwekwa kifungu kwamba uwanja lazima ubaki katika robo ya juu ya viwanja vyote vya ligi, unapimwa 2005, unapimwa tena 2015. Ukipungua, timu ina ruhusa ya kuondoka. Hebu fikirini, viwanja vya wenzako vinajengwa kila siku, wewe umeahidi chako hakitapitwa. Kilipitwa. 2016 timu ikarudi Los Angeles, na wananchi wa St. Louis wakaendelea kulipa deni la uwanja usio na timu mpaka 2021.

Nesi Tatu: Miaka mitano wanalipia nyumba ya mpangaji aliyehama 😳

Doto: Mwalimu, na walioikatalia timu ilikuwaje? Usitupe upande mmoja.

Mwl. Salome: Swali zuri, mdogo wangu. San Diego walipiga kura 2016 kuhusu kodi ya vyumba vya hoteli kwa ajili ya uwanja, wakakataa. 2017 timu yao, Chargers, ikaondoka kweli, baada ya zaidi ya miaka 50 pale. Kwa hiyo hofu yako siidharau. Ukikataa, timu inaweza kuondoka. Ukikubali pia inaweza kuondoka, tofauti ni kwamba hapo inakuachia na deni. Ndiyo maana nasema tusiandike mkutanoni "tujenge ili isihame". Hiyo ni ahadi ambayo saruji haiwezi kuitimiza.

Doto: Lakini St. Louis si walilipwa? Nimesoma mahali walishinda kesi.

Mwl. Salome: Hawakushinda hukumu, walimalizana nje ya mahakama 2021: dola milioni 790 kutoka kwa ligi na mwenye timu, na mawakili wakachukua fungu lao humo. Walikuwa na cha kushikilia, kwa sababu ligi ile ina kanuni zake za timu kuhama, wakadai hazikufuatwa. Sisi tukienda mahakamani tutashikilia nini? Hatujaandikiana na mtu chochote.

Mama Kulwa: Mwalimu hiyo ya Marekani nimeielewa. Ila wali wangu je? Usiniambie mpira hauleti hela mjini, mimi naishika kwa mikono.

Mwl. Salome: Sikwambii hivyo mama. Nakuuliza tu: wateja wa siku ya mechi, wangapi ni wa Nzega na wangapi ni wa hapahapa?

Mama Kulwa: Siku ya Simba na Yanga ni wageni. Siku nyingine ni walewale.

Mwl. Salome: Basi umemaliza somo langu. Hela ya mtu wa Nzega ni mpya hapa mjini. Hela ya mtu wa Cheyo ni ileile, asingekula kwako uwanjani angekula kwako kesho yake, au angekunywa soda dukani kwa jirani. Ligi ina timu 16, kwa hiyo mechi za nyumbani ni 15 kwa msimu mzima, na zinazojaza gesti ni zile za Simba na Yanga. Wachumi wengi waliochunguza viwanja vya kule Marekani wanakuta hivyohivyo, faida kwa mji ni ndogo kuliko inayotangazwa, kwa kuwa matumizi yanahama tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Mama Kulwa: Mechi 15 😔 Sikuwahi kuzihesabu kwa mwaka.

Fundi Hamisi: Kwani tusikarabati huu tulionao? Ali Hassan Mwinyi upo. Sehemu ya kuchezea ikisawazishwa vizuri, maji ya mvua yakapata njia, nyasi zikamwagiliwa, vyumba vya wachezaji na vyoo vikarekebishwa, shida ya kufungiwa inapungua sana. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora, sababu ya nyasi kukauka haipo tena.

Mzee Maganga: Fundi, uwanja ule ni wa CCM.

Mjumbe: Naomba tusigeuze kikundi kuwa jukwaa la vyama.

Mzee Maganga: Mjumbe, mimi nina kadi ya chama kabla wewe hujaanza shule, sisemi kwa ubaya. Viwanja vingi vya mikoani, Kirumba, Sokoine, Sheikh Amri Abeid, Lake Tanganyika kule Kigoma, ni vya chama. Enzi za chama kimoja hatukuwa tunatenganisha. Wananchi walichangishwa, wengine walibeba mawe, chama na serikali vilikuwa kitu kimoja machoni petu. Vyama vingi vilipokuja 1992 hati zikabaki zilipokuwa. Nasema hivi, hela ya kodi ya mama lishe na ya bodaboda ikiingia pale, inaingia kwenye mali ambayo si ya manispaa. Hata mgawo wa uwanja unaokatwa kwenye viingilio unakwenda kwa mwenye uwanja. Hilo lisemwe wazi kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji.

Nesi Tatu: Mzee umelinena. Sio siasa, ni hati.

Mwl. Salome: Na hapo ndipo mimi nilipo. Angalieni uwanja wa Nyamagana, ni mali ya Jiji la Mwanza. Kaitaba ni mali ya Manispaa ya Bukoba. Kagera Sugar wanaocheza pale walishuka daraja 2025, inauma, lakini Kaitaba haikushuka daraja. Nyasi zake zipo, watoto wa Bukoba wanacheza. Manispaa yetu ikiweka hela, iweke penye hati yake. Au kama ni Mwinyi, kuwe na mkataba wa miaka mingi na chama, ulioandikwa, unaosema manispaa inapata nini na shule zinapata siku ngapi.

Doto: Uwanja wa manispaa bila timu ya Ligi Kuu utakuwa malisho ya ng'ombe.

Mwl. Salome: Doto! UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, 2022 zilifanyika wapi? Hapahapa Tabora. Watoto wa mikoa yote walikuja, sikuona ng'ombe 😊

Mama Kulwa: Kweli, walimu wao walikula kwangu wiki nzima. Na wale hawaji kwa ajili ya Simba.

Doto: Haya hilo nakubali. Lakini naomba mnielewe na mimi. Watoto wa UMISSETA wakimaliza wanakwenda wapi? Mtoto wa Cheyo anayejua mpira akimuona beki wa Ligi Kuu anafanya mazoezi mita kumi kutoka alipo, anajua inawezekana. Hilo haliko kwenye hesabu ya gesti. Mimi nilikua bila kuliona.

Mwl. Salome: Nimekuelewa, na hoja hiyo ina uzito kuliko ile ya biashara. Iseme hivyohivyo Jumapili.

Doto: Halafu kwa nini tusiwe na timu ya manispaa yenyewe? Mbeya City walipanda 2013 pamoja na Rhino, timu ya halmashauri ya jiji, msimu wa kwanza tu wakamaliza nafasi ya tatu. Wameshuka, wamepanda tena 2025, lakini hawajawahi kuhama Mbeya.

Mwl. Salome: Hata huko Marekani upo mji mdogo, Green Bay, watu kama laki moja hivi. Timu yao inamilikiwa na wananchi kwa hisa tangu 1923. Hisa hazilipi gawio, lakini timu haijahama.

Nesi Tatu: Timu ya manispaa ni mishahara kila mwezi, usajili, safari za Dar na Bukoba. Hapo mtaro wangu ndio basi tena.

Fundi Hamisi: Tuache timu ya manispaa kwa sasa. Tuandike kinachojengeka: kiwanja, uzio, vyoo, vyumba viwili vya kubadilishia. Jukwaa baadaye, kwa awamu.

Mjumbe: Naona tunakaribia. Nimejaribu kuandika hivi: "Mtaa unaomba manispaa itenge eneo lenye hati yake na kuanza kiwanja cha michezo kwa awamu, kitumike na shule, timu za mitaa na timu ya Ligi Kuu kwa mkataba wa kukodi." Sijaandika neno kuhama.

Mwl. Salome: Ongeza: timu ikitaka masharti ya ziada, mwenye timu achangie. Na ikivunja mkataba kabla ya muda ilipe. Na kusiwe na kifungu cha kuahidi uwanja wetu hautapitwa na wengine.

Mzee Maganga: Na hati ionyeshwe mkutanoni, sio kusimuliwa.

Nesi Tatu: Na mtaro uwe namba moja.

Doto: Dada Tatu, mtaro na uwanja viwe namba moja vyote.

Nesi Tatu: Hapana mdogo wangu. Masika hayangoji awamu. Mtaro kwanza, na nitasimama mkutanoni kuutetea uwanja wako uwe wa pili.

Doto: ...Haya dada. Ila usimame kweli.

Mjumbe: Naandika mtaro 1, kiwanja 2. Anayepinga apinge Jumapili kwa mdomo wake. Doto utasoma wewe kipengele cha kiwanja.

Mama Kulwa: Mjumbe kabla hujafunga. Viwanja vikishawekewa uzio, sisi mama lishe tunafukuzwa getini, wanaingia wenye mikataba ya vinywaji. Tuandikiwe sehemu yetu ndani, yenye maji na kivuli, kwenye mchoro kabisa, sio baadaye kwa huruma ya mtu.

Fundi Hamisi: Hiyo ni rahisi ikiwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Ikisahaulika, kuibomolea ukuta ni gharama.

Mjumbe: Naiongeza. Mama Kulwa, hicho kipengele unakisoma mwenyewe.