Amekubaliwa hifadhi Uingereza, amepewa siku 28 atoke kwenye nyumba: aanzie wapi?

Zawadi_Kaskazini: Habari zenu wadau. Kuna mama Mkongomani, mji mmoja wa kaskazini mwa England, ana watoto wawili, wa miaka 9 na 4. Jibu la hifadhi limetoka, kakubaliwa, na sasa ameletewa barua ya Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza): siku 28 awe ametoka kwenye nyumba waliyompangia akiwa mwomba hifadhi. Kaunsili (serikali ya mtaa) imemwambia kwa simu arudi siku atakayotolewa. Mwenye nyumba mmoja kamwandikia kwamba hapangishi Waafrika. Ana ndugu London, anafikiria akaombe huko. Kiingereza chake bado. Afanye nini?

Karatasi_Kwanza: Dada Zawadi, arudi kaunsili kesho asubuhi, asingoje siku ya kutolewa. Tangu sheria ya 2017 ya kupunguza ukosefu wa makazi ianze kutumika, mtu anayeelekea kukosa makazi ndani ya siku 56 ana haki ya kusaidiwa kabla hajafika barabarani. Siku 28 ziko ndani ya 56, kwa hiyo saa yake imeshaanza kuhesabu. Hilo la "rudi siku ya kutolewa" ndilo linalowalaza watu stesheni, na halina msingi.

Simu haiachi alama. Mwandikieni baruapepe ofisi ya wasio na makazi: "Naomba msaada wa makazi chini ya Sehemu ya 7 ya Sheria ya Makazi ya 1996, natakiwa kuondoka tarehe fulani, nina watoto wawili." Ambatisheni barua ya kukubaliwa, barua ya kusitishiwa msaada, barua ya shule ya mtoto na, kama yupo anayeugua, karatasi ya daktari. Ombeni mkalimani humohumo. Mtoto wa miaka 9 asifanywe mkalimani wa mama yake.

Mwenye watoto wadogo ni wa kipaumbele. Siku ya kutoka ikifika hana pa kwenda, kaunsili inawajibika kumpa malazi ya muda huku ikichunguza. Ikimkataa, adai uamuzi kwa maandishi. Ana siku 21 za kuomba upitiwe upya.

Na hapa watu huumia sana: kaunsili ikimpa nyumba asiyoipenda, asiikatae papo hapo. Kukataa kunaweza kumaliza wajibu wao kwake kabisa. Aikubali, ahamie, kisha ndani ya siku hizo 21 aombe mapitio kwamba haimfai. Sheria inaruhusu yote mawili kwa pamoja.

BintiWaKisheria: Kuhusu London, asifunge mizigo kwanza. Nyumba ya mwisho aliyopangiwa na Home Office akiwa mwomba hifadhi inahesabika kuwa imemfunga na eneo lile. Akiomba London, kaunsili ya huko inaweza kumrudisha alikotoka, isipokuwa kama kurudi kunamweka katika hatari ya kudhuriwa.

Muulizeni pia huyo ndugu ni nani hasa. Kwetu ndugu ni hata mtoto wa binamu wa baba. Kaunsili kwa kawaida zinaangalia mzazi, mtoto mtu mzima, kaka au dada, na awe ameishi eneo la kaunsili hiyohiyo takribani miaka 5. Hapo kuna hoja ya kweli, ila ithibitishwe kwa bili na mkataba wa pango.

Pango_Halali: Ujumbe wa huyo mwenye nyumba msiufute. Kumnyima mtu nyumba kwa rangi, uraia au asili yake ni ubaguzi chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, na muda wa kwenda mahakamani ni miezi 6 kasoro siku moja. Shelter, shirika la hisani la mambo ya makazi, wanatoa ushauri bure.

Wengine watamdai kadi ya ukaazi. Siku hizi hadhi yake iko mtandaoni: anatoa msimbo unaoanza na herufi R, unaodumu siku 90, na mwenye nyumba anaukagua mwenyewe kwenye tovuti ya serikali pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Picha ya skrini haitoshi.

Dipoziti isizidi pango la wiki 5, na mwenye nyumba aiweke kwenye mfuko rasmi wa kulinda dipoziti ndani ya siku 30. Asilipe hata pauni moja kabla hajaikagua nyumba kwa ndani. Hana akiba? Aombe mkopo wa Home Office wa wakimbizi, na aiulize kaunsili kama inadhamini dipoziti. Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) aiombe leo, kwa sababu malipo ya kwanza huchukua kama wiki 5. Aombe na malipo ya awali, akijua yatakatwa baadaye.

Zawadi_Kaskazini: Asanteni mno. Tumefungua hadhi yake mtandaoni, jina la pili limekosewa herufi moja. Tuendelee?

Pango_Halali: Ripotini kosa hilo leoleo kwenye tovuti ya serikali, na mtunze namba mtakayopewa. Maombi ya kaunsili yasisubiri. Ila mkataba wa pango, benki na Universal Credit viandikwe jina lilelile. Herufi moja ikitofautiana, malipo ya pango yanaweza kukwama. Hakikisheni pia akaunti ya hadhi yake mtandaoni imefunguliwa kwa baruapepe na simu yake mwenyewe. Kama ni ya wakili, abadilishe mapema, la sivyo kila akitaka msimbo itabidi amtafute wakili kwanza.