Niliandika jina la kijiji, mnunuzi akafuata picha: tuandikeje vitu vya kale vya kwetu?

KaraniWaMizani (Mtwara)

Wadau, habari za jioni. Nina jambo limenikaa rohoni tangu msimu uliopita, naomba ushauri.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi, nazunguka na pikipiki kwenye maghala ya vijijini, Tandahimba mpaka Newala. Foleni ya magunia ikipungua wazee hukaa chini ya mkorosho wakapiga soga, nami hukaa nao. Hapo ndipo nilipoanza kuandika mtandaoni, huu mwaka wa nne: safari, mila, vitu vya kale. Nimeandika Shimo la Mungu pale Newala, unasimama ukingoni na bonde la Ruvuma lote liko chini yako. Nimeandika ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, kuanzia kuchimbwa porini mpaka sufuriani. Nimemwandika bibi mmoja mwenye tundu la ndonya, kile kipambo cha mviringo cha wanawake wa Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, aliyenisimulia siku alipoivua. Silipwi, wala sitafuti malipo. Mtu aliyezaliwa huku akiniandikia kutoka Dar kwamba nimemkumbusha bibi yake, nalala vizuri.

Mwezi wa kumi na moja mzee mmoja alinitolea kinyago cha midimu, ngoma ya Wamakonde ya kuvaa vinyago, kilichokuwa cha baba yake. Alikitoa ndani ya kanga kuukuu, taratibu, kama anambeba mtoto aliyelala. Ni uso wa mwanamke mwenye ndonya. Mti wake mwepesi sana, si mpingo wa vinyago vya dukani. Chale za mashavuni hazikuchongwa, zilibandikwa kwa nta nyeusi, mistari ya pembe pembe, na pale ambapo nta imebanduka unaona mti mweupe chini yake. Juu ya paji kulikuwa na nywele za mtu kweli, zimebaki mafungu mawili. Sikio la kushoto limemeguka ncha. (Hapa palikuwa na sentensi mbili kuhusu upande wa ndani. Nimeziondoa, someni jibu la Mzee hapo chini.)

Niliomba ruhusa ya kupiga picha, akakubali. Nikaandika kwa furaha yote niliyokuwa nayo. Jina la kijiji nikaliweka. Nikaweka mpaka kwamba nyumba iko baada ya kisima, yenye mwembe mbele.

Mwezi wa pili nikapita kumsalimia. Kinyago hakipo. Alikuja mtu na gari, ana picha yangu kwenye simu, akatoa laki moja na nusu. Mjukuu alikuwa amechaguliwa shule ya bweni na nauli haijapatikana. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ulisema unataka watu wakione. Wamekiona."

Toka siku hiyo sijaandika kitu. Nina daftari zima la habari za vijiji na naogopa kuligusa. Niache kabisa? Au kuna namna ya kuandika bila kuwaelekeza wanunuzi mlangoni?

---

MatumbaweMikindani

Pole sana kaka, lakini usijibebeshe yote. Kilikuwa mali ya mzee, kauza kwa shida yake, na mtoto kaenda shule. Aliyekosea ni huyo mwenye gari. Huyo ni kangomba tu, kama wale wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela, tofauti yake ni kwamba hapimi korosho kwa bakuli. Anafanya kilekile: anakukuta siku huna kitu, anakupa bei ya siku hiyo.

Hapa kwetu Mikindani tunawajua. Wanauliza milango. Wanafika kwenye nyumba ya mawe iliyobomoka nusu, warithi wako mbali, wanaitaka fremu ya kuchonga. Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaigusa milango hiyo waziwazi: ya kuchonga, ya kabla ya mwaka 1940, huitoi nje ya nchi bila kibali. Mimi nikiandika habari za mlango naweka na hilo, mstari mmoja. Mnunuzi akisoma anajua kwamba tunajua.

---

DadaWaMasoko (Kilwa)

Kaka Karani, usiache. Nakuomba kabisa, usiache.

Mimi naandika habari za Kilwa Kisiwani, nimevuka kule mara nyingi mno. Maji yakitoka unaokota ufukweni vipande vya vyungu, shanga, ukibahatika sarafu ya shaba ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, imeandikwa jina la sultani kwa Kiarabu. Watoto walikuwa wakiwauzia wageni. Nilipoanza nilifanya kosa kama lako: nilitaja upande gani wa kisiwa zinaonekana baada ya mvua. Sitaji tena.

Lakini sikiliza na hili. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Hakujua ni za nani, akaziweka. Mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe, na tano kati yake zikaonekana ni za Kilwa. Za kwetu, kule! Watafiti waliweza kurudi mahali penyewe kwa sababu alikuwa ameweka alama kwenye ramani. Angesema "niliziokota huko kaskazini" zingekuwa vipande vya shaba tu. Kitu kisichojulikana kilipotoka kimekatwa ulimi.

Kwa hiyo mimi naandika mara mbili. Daftarini naandika yote: kijiji, nyumba, nani alikuwa nacho kabla yake, kina urefu gani, kimemeguka wapi. Mtandaoni naandika kitu na hadithi yake, mahali nasema "kusini mwa Lindi" basi. Na picha naikata, nyumba wala mti wa mbele visionekane. Simu pia huhifadhi mahali picha ilipopigwa, kazime hicho kwenye kamera leo hii.

---

MzeeWaUwandani

Vijana, nawasalimu. Anayeniandikia ni mjukuu wangu, mimi nasema.

Wewe Karani una adabu, nimeona uliomba ruhusa. Lakini ulimwomba mtu mmoja. Kinyago cha midimu si cha mtu mmoja, hata kikilala nyumbani kwake. Kinatoka vijana wanapotoka jandoni, na kijiji kizima kinakingoja. Ungeuliza: wenzako wa rika wanasemaje? Na yeye asingeweza kukupa ndiyo ya haraka peke yake.

La pili. Umeeleza ndani yake kulivyo. Tafadhali ondoa. Wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawaambiwi nani yumo na anaonaje. Sisi tumekaa kimya miaka yote hiyo, hatukusahau kusema. Nje andika utakavyo, uzuri wake ni wa kuonwa.

Na huyo mzee mwenzangu usimkimbie. Hukurudi tena baada ya siku ile, sivyo?

---

KaraniWaMizani

Shikamoo Mzee. Sentensi nimeziondoa, na kule nilikoandika mwanzo pia. Ni kweli sikurudi. Niliona aibu.

Dada, sijawahi kukipima kile kinyago. Nina picha tatu tu.

---

DadaWaMasoko (Kilwa)

Picha tatu si haba! Kuna kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar, mwaka 1984. Kikaonekana kwenye makumbusho Geneva, Uswisi, kikatambuliwa kuwa ndicho, na mwaka 2010 kikarudishwa nyumbani. Miaka 26! Kilirudi kwa sababu palikuwa na watu wa kusema hiki ni chetu, wakaonyesha. Chako kimeuzwa, si kuibwa, najua. Lakini ile ncha ya sikio iliyomeguka na yale mafungu mawili ya nywele, hakuna kinyago kingine chenye hivyo. Viandike vizuri, na tarehe, nakala moja abaki nayo mzee.

---

KaraniWaMizani

Wadau, nimerudi kutoka huko jana. Nilikwenda na sukari kilo mbili na picha nimezisafisha studio. Mzee alizishika muda mrefu. Akamwita mkewe, halafu jirani yake wa rika, ikawa kikao. Jirani ndiye aliyekumbuka kilichongwa mwaka gani wa njaa, na sikio lilimeguka kwenye ngoma ya nani. Hayo mzee mwenyewe alikuwa hayajui. Nimeandika kurasa sita, na sikuweka hata neno moja mtandaoni.

Nikiwa naondoka jirani akanivuta pembeni. Kwake kuna kigoda cha mama yake na kibuyu cha tumbaku chenye nakshi. Anataka viandikwe kabla watoto hawajagawana. Jumamosi narudi, nimeazima tepu ya fundi cherehani.

Mzee wa Uwandani, huyo jirani anauliza wewe ni wa ukoo gani. Anasema maneno yako anayatambua.